Mwendo wa Kisarawe hupangwa na wa mwisho

Swali: Shikamoo Mwalimu. Ofisini kwetu Tabata, Dar es Salaam, tuko watu kumi na mmoja tunaotaka kwenda Kisarawe na kurudi kwa baiskeli, Jumamosi moja ya katikati ya mwezi wa tatu. Wazo lilikuja tulipoona video za Ulaya, watu wanatoka kwa makundi baridi ikianza kukatika, kando ya njia maua matupu. Shida yetu ni mchanganyiko. Vijana wawili wana baiskeli za mashindano, wengi wetu tuna za mtumba za Kijapani, na mama yetu wa uhasibu ana miaka 52, hajapanda baiskeli tangu amalize shule. Vijana wanasema wao watatangulia, tukutane Kisarawe. Ni sawa? Na mvua ikitukuta njiani? Tumebakiza wiki sita.

Jibu:

Marahaba, mwanangu. Nianze na vijana, maana hao ndio walionifanya niache maswali mengine nikashika hili lako. Wasitangulie. "Tutakutana Kisarawe" ni maneno matamu yakisemwa alfajiri Tabata. Ikifika saa nne, jua limeshakolea, yanageuka kuwa "mko wapi?", "nyie je, mko wapi?", na salio linakwisha.

Nina sababu ya kuwa mkali. Miaka kadhaa nyuma, mwezi huohuo wa tatu, niliwaongoza watu tisa njia hiyohiyo. Siku hiyo tuliamkia manyunyu, na mwalimu mmoja wa chekechea aliyekuwa nasi hakuwa na begi la maana, nikajitolea kumbebea simu isilowe. Gongo la Mboto tukaipita vizuri. Karibu na mnada wa ng'ombe wa Pugu, cheni yake ikatoka. Hakuita mtu, hakutaka aonekane anachelewesha wenzake. Akasogea pembeni, akairudisha kwa mikono, mikono ikawa myeusi ti, akapanda tena. Mimi nilikuwa mbele, akili yangu yote iko kwenye mlima. Pale Pugu Kajiungeni njia inagawanyika, moja inakwenda Kisarawe na nyingine Chanika, na sikuwa nimemwacha mtu hapo. Yeye kufika, akatazama ni ipi yenye magari mengi, akadhani ndiyo hiyo. Akashika ya Chanika.

Tulipohesabiana juu ya mlima tulikuwa pungufu mmoja. Nikatoa simu nimpigie. Begi langu likaanza kuita mgongoni.

Tulimpata saa saba mchana Chanika, amekaa chini ya mwembe, ameshakula mihogo ya kukaanga na kashata, hana neno baya na mtu. Neno baya lilikuwa kwa mumewe, aliyepiga ile simu mara sita na kila mara akapokelewa na mwanamume.

Kwa hiyo swali la nani atangulie mimi huligeuza: nani atakuwa wa mwisho? Mkishamjua huyo, mengine yote mnayapanga kwake: saa ya kutoka, mwendo, mahali pa kupumzika, hata uzito wa chakula mtakachobeba. Kwenu ni mama wa uhasibu. Msimfiche jambo hilo na wala msilifanye la aibu. Mwambieni wazi kwamba siku hiyo yeye ndiye saa ya msafara.

Piga hesabu uone. Mkiwa wa mbele anakwenda kilomita 18 kwa saa na wa nyuma 14, baada ya nusu saa tu kati yao pana kilomita mbili. Barabara ya Pugu ina kona na vilima, kilomita mbili hamwonani kabisa. Wa mbele, kwa kuwa ni watu wema, watasimama kuwasubiri. Watakunywa maji, watapiga picha, watanyoosha miguu dakika kumi. Wa mwisho anafika anahema, anashusha mguu chini, na wa mbele wanasema, "Haya, tumetimia, twende." Umeiona dhuluma yake? Aliyechoka kuliko wote ndiye amepumzika sifuri. Mkirudia hivyo mara nne, mnamfikisha Kisarawe akiwa hoi, halafu mnasema hana mazoezi. Mapumziko yahesabiwe kuanzia wa mwisho anapokanyaga chini. Kanuni hii moja imeniokolea safari nyingi kuliko spana zote nilizowahi kununua.

Misafara ya zamani iliyotoka Bagamoyo kwenda bara ililijua jambo hili kabla baiskeli haijaonekana huku kwetu. Mbele alikwenda kirangozi, mwenye kuijua njia na kushika mwendo. Nyuma walikuwa wanyapara, wasimamizi, ili mzigo wala mtu asibaki porini. Leo mnyapara tunamjua wa gerezani na wa vibarua, jina limechafuka, lakini kazi yenyewe ni ya heshima na ndiyo nawapa vijana wenu. Kirangozi awe mtu wa makamo mwenye baiskeli ya mtumba, asiyeweza kwenda kasi hata akitaka. Kijana mmoja awe mnyapara: akae nyuma ya mama wa uhasibu mwanzo hadi mwisho, akiwa na pampu, spana na viraka. Wa pili awe mtu wa njia panda. Kila penye kona ya kupoteza watu anasimama, anawaelekeza wote hadi mnyapara apite, halafu anakimbiza kurudi mbele kuiwahi njia panda inayofuata. Huyo atachoma mafuta kuliko kama angetangulia peke yake, na hamu yake ya mashindano itakwisha kwa kazi yenye faida. Kajiungeni asimame mwenyewe kwa miguu yake. Asiseme "nilidhani wanaijua".

Sasa hizo video. Ulaya mwezi wa tatu ndipo watu wanatoka kwenye baridi, kwao joto likiongezeka ni sherehe. Mashindano yao makubwa ya kufungulia msimu, Milano–Sanremo, yaliyoanza mwaka 1907, hufanyika Machi na yanakaribia kilomita 300. Wanaweza, kwa sababu hewa ya kwao wakati huo inampoza mtu. Kwetu ni kinyume. Mwezi wa pili na wa tatu ndio Dar es Salaam inapochemka, nyuzi 32 ni kawaida, na kaskazi imeanza kulegea huku kusi bado haijashika. Hewa inasimama. Hewa ikisimama na unyevu ukiwa mwingi, jasho linatiririka lakini halikauki, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Unaloa tu. Ndiyo maana mtu anayepanda Kisarawe mwezi wa saba bila shida anashangaa kuona mwezi wa tatu mlima uleule umekuwa mrefu.

Ila msiuhame mwezi wenu. Mvua mbili tatu za mwanzo zikishanyesha, Kisarawe inapendeza kuliko wakati wowote. Vumbi limelala, mihogo imetoa majani mapya, watu wako mashambani na majembe, udongo unanuka ile harufu ya mvua ya kwanza. Hayo ndiyo majira yetu ya kuchipua, yanakuja na matope badala ya theluji iliyoyeyuka. Jambo moja tu: miaka hii Ramadhani inaangukia humohumo, mwezi wa pili na wa tatu. Kama mna wenzenu wanaofunga, msiwaambie "mtakuja mkijisikia". Sogezeni safari baada ya Idi.

Kutoka ni alfajiri. Kukutana saa kumi na moja na nusu, kukagua tairi na breki, kuhesabiana, na saa kumi na mbili na robo, mwanga ukishapasua, kirangozi anaondoka. Katikati ya Machi jua la Dar linachomoza karibu saa kumi na mbili na nusu, kwa hiyo mnapata saa moja na nusu nzuri kabla halijaanza kuuma. Atakayekuja saa moja kasorobo akiwa na sababu nzuri, sababu yake muipokee kwa moyo mkunjufu, naye akalale. Nimesubiri watu wengi katika maisha yangu, na kila niliyemsubiri nilimlipa kwa jua la saa tano.

Njia. Kutoka Tabata hadi Kisarawe na kurudi ni kilomita 50 na ushee, na sehemu mbaya kuliko zote si mlima, ni mjini. Barabara ya Nyerere yenye malori, daladala zinazoingia kituoni kama zimetupwa, na bodaboda zinazokuja upande usio wake, hapo si mahali pa mtu wa miaka 52 kukumbukia baiskeli. Mimi ningekodi kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo. Mapatano ni na dereva, na mseme wazi mapema kwamba mnamtaka siku nzima wala si tripu moja. Asubuhi kinabeba baiskeli za wale wasiojiamini hadi Gongo la Mboto, wenyewe wanapanda daladala au bajaji. Kutoka hapo wote mnakwenda pamoja, na kirikuu kinafuata nyuma ya mnyapara au kinatangulia hadi kituo kinachofuata. Akichoka mtu, baiskeli inapanda nyuma, mtu anakaa mbele na dereva, na hakuna wa kucheka. Gongo la Mboto hadi Kisarawe na kurudi haifiki kilomita 30. Kwa safari ya kwanza ya kundi, hiyo inatosha na kubaki. Anayetaka zaidi aanzie Tabata.

Baada ya Kajiungeni mji unaachia. Upande huu kuna msitu wa hifadhi wa Pugu na Kazimzumbwi, na barabara inaanza kupanda. Mlima wenyewe si wa kutisha, ila ni wa kushtukiza kwa watu wa Dar waliozoea kwamba dunia ni bapa. Hata reli ya kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, haikukipanda kilima cha Pugu. Walikitoboa handaki. Nyie hamna handaki, mna gia. Mwambie kila mtu abadilishe gia kabla mlima haujaanza, angali anazungusha kwa wepesi. Ukisubiri hadi pedeli imekuwa nzito ndipo ubadilishe, cheni inalia kraa, inaruka, na mara nyingi inatoka. Zile za Kijapani za gia tatu, ambazo gia zimo ndani ya kikombe cha gurudumu la nyuma, zina tabia yake: unaacha kukanyaga kidogo, unabadilisha, halafu unaendelea. Zisizo na gia kabisa zisukumwe kwa miguu pale juu. Kusukuma si dhambi, na anayesukuma anakwenda kilomita nne au tano kwa saa, ambayo haiko mbali sana na anayejikongoja akiyumba mbele ya lori.

Mkihitaji mahali pa kupumzikia, Pugu inatosha kabla ya mlima, kisha Kisarawe mjini. Waambie vijana kwamba Pugu ndiko alikokuwa akifundisha Mwalimu Nyerere kabla ya kuacha kazi mwaka 1955 kwa ajili ya TANU. Huwa wanafikiri Pugu ni ng'ombe tu. Msituni msiingie na baiskeli kiholela: ni hifadhi ya Wakala wa Huduma za Misitu, kuna kiingilio na utaratibu wake, na watu kumi na mmoja wakipita vichochoroni bila kibali watajieleza siku nzima.

Turudi kwa mama wa uhasibu, maana wiki sita ni muda mzuri sana zikitumika. Kwanza apime presha. Nasema hivi kwa kila aliyevuka arobaini na hajafanya mazoezi siku nyingi. Halafu mshughulikie siti yake. Karibu kila mtu anayerudi kwenye baiskeli baada ya miaka mingi anakaa chini mno, kwa sababu anataka miguu yote miwili iguse ardhi akisimama. Anapanda kama mtu aliyekalia kigoda cha kupikia, magoti yanafika kifuani, na baada ya kilomita kumi yanauma, naye anasema "nimezeeka". Hajazeeka. Mkalishe kwenye siti, mtu mmoja ashike baiskeli isianguke, aweke kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa. Mguu unyooke. Ukikunja goti, pandisheni siti. Akihamisha mguu akanyage kwa sehemu ya mbele ya unyayo, goti litabaki limekunjika kidogo tu, na hapo ndipo panapotakiwa. Kwa siku mbili za kwanza ataogopa kusimama, mfundisheni kushuka mbele ya siti anaposimama. Nimeona mtu akiongezewa sentimita sita za siti akadhani amepewa baiskeli nyingine.

Mazoezi yake yawe mepesi na ya mara kwa mara: nusu saa mara mbili katikati ya wiki, asubuhi kabla ya kazi, mitaa ya ndani. Jumamosi aongeze, kilomita 10, kisha 15, kisha 20, wiki ya tano afike 25 hata 30. Wiki ya mwisho apumzike, apande mara moja tu kulegeza miguu. Na mara mbili kati ya hizo apande na kirangozi wenu, ili huyo ajifunze mwendo wake. Kipimo ni mazungumzo. Kama mama anaweza kumsimulia habari za harusi ya mpwa wake bila kukata sentensi, mwendo ni sahihi. Akianza kujibu "ee" na "mm", kirangozi apunguze.

Nguo msisumbuke sana. Kaptura zile za kubana zenye sponji ni nzuri, lakini suruali ya michezo isiyo na mshono mnene katikati inatosha kwa umbali huu, na mafuta ya mgando mapajani. Mwenye gauni au baibui afunge pindo lisiingie kwenye spoku. Kofia ngumu, wote.

Kwenye baiskeli zenyewe nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo kundi mchanganyiko linapoumbuka. Mtabeba pampu moja, mtadhani mmemaliza. Angalieni valvu. Baiskeli za milimani zina valvu nene kama ya pikipiki, hiyo kila fundi wa pancha barabarani anaijaza na kompresa yake. Za mashindano za vijana wenu huwa na valvu nyembamba ndefu, kichwa chake unakizungusha kwanza ndipo hewa iingie, na mpira wa kompresa hauishiki. Zenu za Kijapani nyingi zina ile ya tatu, ya kizamani, yenye kimpira chembamba ndani kama mrija wa mtoto. Kile kimpira kinaoza kwa joto. Hewa inatoka polepole usiku kucha, asubuhi unakuta tairi iko chini, unatafuta mwiba huuoni, unabandua tyubu, unaitia kwenye beseni la maji, hakuna povu. Dakika arobaini zimekwenda, na ugonjwa ulikuwa kimpira cha bei ya pipi. Badilisheni vyote kabla ya safari, na kila mwenye baiskeli hiyo abebe viwili vya akiba mfukoni. Halafu hakikisheni kuna kichwa cha pampu kwa kila aina ya valvu, na tyubu mbili za akiba kwa kila ukubwa wa tairi mlio nao. Viraka, msasa na solusheni mnavijua. Solusheni ikaguliwe, ikishafunguliwa mara moja huwa inakauka kwenye kopo bila kumwambia mtu.

Breki sasa, na hapa ndipo mvua inapoingia. Breki za kubana ringi zikilowa hazishiki mara moja. Gurudumu linazunguka mara kadhaa kwanza, mipira inafuta maji, ndipo inauma. Anayesubiri kufunga breki palepale alipozoea siku ya jua atapita. Msije mkalijua hilo kwenye mteremko wa kurudi Pugu. Chukueni ndoo ya maji wiki moja kabla, kwenye uchochoro wa mtaa, mwagieni ringi, kila mtu apite afunge breki mara tano. Watoto watawacheka, wacheni wacheke. Mteremkoni mkifika, vidole viwe kwenye breki muda wote, mbanebane kidogokidogo kuondoa maji, na nafasi kati ya mtu na mtu iwe mara mbili ya ile ya kwenye lami kavu. Hapo mnakuwa mstari mmoja, kushoto, na hakuna kumpita mwenzio.

Mvua ya kwanza baada ya kiangazi ndiyo hatari kuliko zile kubwa za Aprili. Miezi ya jua imeacha oili, vumbi na mpira wa matairi juu ya lami. Mvua haba inavikoroga vikawa kama uji wa ulezi. Ikinyesha kwa nguvu nusu saa inaosha, lakini zile dakika kumi za mwanzo simameni pembeni, chini ya paa la duka, mnunue karanga. Angalieni mistari myeupe iliyopakwa rangi, mifuniko ya chuma na mchanga unaodondoka kwenye malori, vyote hivyo vinateleza. Reli mkiivuka ikiwa imelowa, vukeni kwa kuikata moja kwa moja. Mkiivuka kwa mshazari, gurudumu la mbele linafuata chuma na nyie mnafuata lami. Radi ikianza, hakuna mjadala, shukeni, ingieni kwenye nyumba au kaeni ndani ya kirikuu. Mwembe wa peke yake uwanjani hapana, hata uwe na kivuli kizuri namna gani. Siku moja kabla someni utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Wakitoa tahadhari ya mvua kubwa kwa Dar es Salaam na Pwani, safari haipo, mnaisogeza wiki moja na mnamlipa dereva wa kirikuu kitu kidogo cha usumbufu.

Upande wa barabara za vumbi nitasema mara moja: msiziguse safari hii. Vijana wataona njia nyekundu inayoingia mashambani na watashawishika. Ikikauka ni raha. Ikilowa, udongo wa huko unajaa kwenye tairi hadi gurudumu linakataa kuzunguka, na mtabeba baiskeli mabegani.

Maji ni lita moja na nusu kwa kila mtu wakati wa kutoka, na kujaza tena Pugu. Kunywa kidogokidogo kila robo saa, usingoje kiu, wala usinywe chupa nzima kwa mkupuo. Kwa jasho la Machi, chupa moja kati ya mbili iwe na chumvi: lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Ni maji yaleyale anayopewa mtoto anayeharisha, na kwenye baiskeli yanafanya kazi kama ya dukani yenye rangi. Kabla ya kutoka kula kitu cha kukaa: chapati, viazi, ndizi. Njiani ndizi na kashata. Supu ya Kisarawe ni nzuri na mtaistahili, ila ikiwa ya utumbo na mafuta mengi, mkumbuke mna mteremko na jua la kurudia.

Jambo moja la afya mnyapara alijue kwa moyo. Mtu akianza kuongea yasiyoeleweka, akayumba, akakasirika bila sababu au akasahau yuko wapi, hilo ni joto limeingia kichwani, hata kama jasho bado linamtoka. Msingoje jasho likauke, hiyo ni imani ya zamani na imechelewesha watu. Mlazeni kivulini, mvueni nguo za juu, mmwagieni maji mwili mzima mkimpepea, na kirikuu kiwashwe kwenda hospitali huku mnaendelea kummwagia. Anayesema ana kichefuchefu na kichwa kinauma lakini akili yake imetulia, huyo kivuli, maji ya chumvi na siti ya mbele ya kirikuu vinamtosha. Safari yake ya baiskeli imeishia hapo hata akibisha.

Kama mambo yamekwenda, saa tatu mko Kisarawe na saa tatu na nusu mnageuka. Msikae zaidi. Kurudi ni mteremko na mnaweza kufika Gongo la Mboto kabla ya saa tano, na hapo mpakie baiskeli zote kwenye kirikuu, za vijana nazo. Watapinga. Watasema wao wanaweza kumalizia hadi Tabata, na ni kweli wanaweza, lakini wamefanya kazi ya watu wawili tangu asubuhi, wamechoka bila kujua, na Barabara ya Nyerere saa tano haimtaki mtu aliyechoka.

Na simu, kila mtu abebe yake. Kariakoo wanauza vile vimfuko visivyopitisha maji vya kuning'iniza shingoni. Mmoja wenu akijitolea kubeba za wenzake, kataeni kwa upole.